Papa Wekeni na Sanduku Yenye Kulia

Jumatatu, tarehe 4 février 1991

Bila mimi, chuo hiki kingefungwa tangu mwaka jana. Wacha directeur atembee na kravate yake, wacha maprofesa wapige midomo — mutu mwenye kushika chuo mukononi ni mimi, Polycarpe, Chef wa Courant, mukubwa wa umeme. (Polycarpe! Sasa tunaruhusiwa tena kuitwa majina ya ubatizo, basi naandika langu kwa herufi kubwa.)

Niandike kazi yangu vizuri, juu ya vile nyumbani hakuna mwenye kunisikiliza mpaka mwisho. Katika salle ya ordinateur, ya kompyuta, iko mashini tano. Pembeni ya ukuta iko chombo chenye sindano, inaonyesha nguvu ya courant. Mimi nakaa kwenye kiti mbele yake. Courant ya hapa haikufi mara moja tu. Inaanza kulegea kwanza. Hapo napiga kelele: "Wekeni!" Na wanafunzi wote wanaweka kazi yao kwenye disquette, isipotee, mbele giza haijafika. Kuweka kila saa, hapana. Disquette ziko chache, zinachoka kama viatu, na ingénieur Donatien, mukubwa wa salle, amekataza kuweka bila sababu.

Sababu ni mimi.

Sijakosa hata siku moja. Wananiita Papa Wekeni. Courant inanijua tangu zamani! Wakati wa kujenga barrage ya muto Ruzizi nilishika waya mbili, moja kila mukono, na taa za Kadutu zikawaka zote mpaka Wazungu wakavua kofia. Leo niliwaelezea wanafunzi. Aloys, yule mwenye mudomo, akauliza: na miguu yako, papa, iliwasha Uvira? Mupumbavu.

Delphine, mutoto wa dada yangu Emérence, ameanza leo kuandika mémoire yake, kile kitabu cha kumaliza masomo, kwenye mashini ya karibu na dirisha. Inahusu mashamba ya quinquina, muti wa dawa ya malaria. Lazima aitoe tarehe 28. Kama hapana, anangoja mpaka octobre, na ile nafasi ya ualimu waliyomuwekea ku lycée ya Kamanyola itaenda kwa mutu mwingine. Emérence iko na wasiwasi. Nikamwambia: dada, mutoto iko chini ya macho yangu. Akajibu: njo ile naogopa.

Jumatano, tarehe 6 février

Hasira! Sikula hata mihogo ya saa sita.

Donatien alituita sisi wote wa salle. Anasema kuna mambo mapya. Wafadhili wa Ubelgiji wanatuma programu mpya ya kuandikia, "version" mpya kabisa, na pamoja nayo sanduku moja. Sanduku hiyo inakula courant na kuiweka tumboni. Courant ikilegea, sanduku inalia yenyewe. Tena inashika mashini zote kwa muda kidogo, mutu apate kuweka kazi yake bila haraka.

Nikauliza: inalia yenyewe, nani aliifundisha?

Donatien akacheka. Akasema: papa Polycarpe, utapumuzika sasa. Watakutafutia kazi ku barrière.

Barrière! Mimi! Kufungulia magari ya watu!

Nyumbani niliwaambia ya kwamba ni mimi niliyeandikia Ubelgiji, nikaomba waniletee musaidizi. Emérence akatingisha kichwa tu. Delphine akainamisha uso juu ya sahani.

Jumatatu, tarehe 11 février

Imefika. Nilitazamia kitu kikubwa. Kumbe iko kama sanduku ya sabuni, lakini nzito — watu wawili walihema kuipandisha ngazi. Mimi ningeibeba peke yangu, lakini mugongo.

Donatien akaifungia nyaya, akatoa courant ukutani kwa kusudi. Ikaanza: ti-ti-ti-ti. Mashini zote zikabaki zinawaka. Wanafunzi wakapiga makofi kama ku misa ya Noeli.

Aloys akanigeukia mbele ya watu wote: "Papa Wekeni, mudogo yako amefika! Na yeye hakunywi kasiksi ya ndizi!"

Wakacheka. Hata Donatien.

Kiti changu wamekitoa mpaka koridoni. Nimekikalia kule. Hakuna aliyeniambia niondoke, hakuna aliyeniambia nibaki.

Jumatano, tarehe 13 février

Courant ilianguka leo. Sanduku ikalia, wanafunzi wakaweka, hakuna kilichopotea. Mimi nilikuwa koridoni — nitajuaje? Nikasikia ti-ti-ti, nikakimbia mulangoni, nikapiga "Wekeni!" Wao walikuwa wamemaliza. Wengine walikuwa wanapiga miayo.

Delphine hakucheka. Alikuja koridoni akanipa kipande cha mukate. Akasema: tonton, usikasirike, kitu ni kitu tu. Nikamwambia: mimi nikasirike? Niko napumuzika.

Amemaliza chapitre mbili. Inabaki ya tatu na mwisho.

Jumatatu, tarehe 18 février

Version mpya! Mungu wangu.

Donatien alikuja na disquette za Ubelgiji, akaingiza moja, akaitoa, akaingiza nyingine, tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wanafunzi wamepanga foleni mpaka inje. Alipomaliza, hakuna aliyejua tena kitu. Kwenye kioo, pale palikuwa na neno moja, sasa kuna kumi. Accent, zile alama juu ya herufi, zimekimbia. Kazi ya Delphine ilifunguka na mistari imepandana kama watu wa soko ya Minova. Alilia kidogo. Donatien akainyoosha, lakini jasho ilimutoka.

Na jambo moja ambalo hakuna anayelisema kwa sauti: kuweka kazi sasa kunachukua muda murefu kupita zamani. Mashini inanguruma, disquette inafanya kri-kri-kri, na mutu anangoja mikono kifuani. Hii wanaiita maendeleo. Zamani nilikuwa namaliza neno "Wekeni" na wao wamemaliza kuweka.

Nilimwambia Donatien: version ya zamani ilikuwa na kosa gani? Akasema: papa, ilikuwa ya zamani.

Na mimi niko wa zamani. Sawa.

Jumatano, tarehe 20 février

Hahaha!

Sanduku imelia tangu asubuhi. Haikunyamaza! Ubelgiji courant iko imenyooka kama barabara ya lami, lakini hapa inapanda inashuka, na sanduku masikini inafikiri kila mara ni mwisho wa dunia. Ti-ti-ti. Wanafunzi waliziba masikio. Mutu mumoja akaifunika na koti. Donatien akaipiga na mukono, halafu na kiatu — ingénieur muzima! Saa ya mwisho ikatoa harufu ya mupira wenye kuungua, na ikanyamaza.

Nilipita mulangoni mara nyingi, polepole, mikono mugongoni. Nikauliza kwa upole: mudogo yangu iko mugonjwa?

Ijumaa, tarehe 22 février

Iandikwe: leo waliniita!

Sanduku imepelekwa Bujumbura kutengenezwa. Nani anajua itarudi lini. Donatien mwenyewe alikuja koridoni, akashika kiti changu na mikono yake, akakirudisha mbele ya sindano. Akasema: papa Polycarpe, tusaidie mpaka mwisho wa mwezi, batoto wana mémoire. Nikajifanya nafikiri. Nikamuacha asimame. Halafu nikakubali, juu mimi si mutu wa kulipiza.

Wanafunzi wakapiga makofi. Aloys mwenyewe! "Chef amerudi ku kiti!"

Lakini Donatien hachoki. Anasema sanduku iliharibika juu ya vumbi, tena vumbi ya unga, yenye kutoka kwa mashini ya kusaga mihogo ya maman Domitille hapo nyuma. Basi amefunga madirisha yote na plastiki na misumari. Salle iko kimya kama kaburi. Nilimwambia watu watakosa hewa. Akasema ordinateur haipendi hewa.

Delphine aliniambia: tonton, sasa mimi naandika tu, wewe angalia. Sitaweka mpaka uniambie, juu disquette yangu imeanza kukwaruza.

Nikamwambia: mutoto, andika.

Jumanne, tarehe 26 février

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Ilikuwa karibu na saa tisa. Delphine alikuwa ameandika tangu asubuhi, chapitre ya tatu yote na mwanzo wa conclusion. Mimi kwenye kiti. Nilikuwa nawaambia wale wa nyuma habari ya mamba wa Sange niliyemufunga mudomo na mushipi wangu. Na mara — pa. Giza kwenye vioo vyote vya mashini.

Sikupiga kelele.

Delphine akasema, polepole: "Tonton?"

Hakuna mutu alicheka. Aloys alitazama viatu vyake. Donatien akaja mbio: papa, sindano ilifanya nini? Nikamwambia haikufanya kitu. Nikamwambia ni waya imekatwa na mwizi ku Kamanyola, ile haina dalili, hata Ruzizi niliiona mara moja, watu watatu wakafa. Nilisema mengi. Sikumbuki yote.

Courant iliporudi walitafuta kwenye disquette. Chapitre mbili ziko. Ya tatu hakuna hata mustari.

Delphine alienda kunawa uso. Akarudi, akaketi, akaniambia mbele ya wote: tonton hajakosa hata siku moja, basi kweli ilikuwa ghafla. Akaanza tena na neno la kwanza.

Afazali angenitukana.

Nyumbani Emérence aliniwekea bugali na sombe, akanigeuzia mugongo, akaendelea kukunja nguo za Delphine ndani ya valisi ya kwenda Kamanyola. Anazikunja, anazikunjua, anazikunja.

Jumatano, tarehe 27 février

Naandika hii kwenye kiti. Kesho ni siku ya kutoa. Delphine iko kwenye mashini ya dirisha, amekonda usiku mumoja. Anapiga herufi bila kuangalia vidole. Chapitre ya tatu amekaribia kuimaliza kwa kichwa, mutoto huyu!

Asubuhi aliniuliza: tonton, utakaa tena? Nikasema: nitakaa wapi kwingine?

Disquette yake iko mbaya. Donatien aliisikiliza kama daktari, akasema ina nguvu ya kuweka mara moja, labda mbili. Ikivunjika inakwenda na zile chapitre mbili pia. Nyingine hakuna, stoki imekwisha. Basi hakuna kupiga kelele ya bure leo. Na hakuna kunyamaza.

Nilimuomba Donatien afungue dirisha, hata moja, hata kidogo. Nikasema joto inaniua. Akasema: papa, joto gani, mvua iko inanyesha. Nikasema basi harufu. Akasema harufu gani. Aloys akasema: ni ya papa mwenyewe. Wakacheka kidogo. Dirisha imebaki na misumari yake.

Niseme hapa, juu hapa hakuna mutu.

Ilikuwa mashini ya Domitille, ile ya kusaga, inakula courant ya waya moja na yetu. Courant ikilegea, ile mashini inaanza kuguna kama muzee mwenye kupanda mulima, sauti inashuka, inashuka, na mimi naisikia kupitia dirishani, napiga "Wekeni!" Njo hivyo tu. Tangu siku ya kwanza. Sindano nilikuwa naitazama kama mutu anavyotazama picha ya mutakatifu ukutani. Walinieleza wakati wa kuanza kazi, kwa Kifaransa, na mimi nilisema oui, oui. Kuuliza leo, mbele ya Aloys, na mbele ya Delphine?

Delphine ameingia kwenye conclusion. Naona midomo yake inatembea.

Sindano imetoka mahali ilikuwa. Imeenda upande wa kuume. Inatingishika. Imerudi kidogo. Imeenda tena.

Delphine ameinua macho, ananiangalia. Vidole vyake viko juu ya herufi, anangoja.

Upande wa kuume — ni muzuri ao ni mubaya? Sijui. Sikujua hata siku moja.