Sauti ya Mama Bado Inapiga Simu

Devonport, Tasmania
Jumapili

Mpendwa mdogo wangu Glenn,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini kile kikohozi kimekuachia na vumbi la mgodi halikuandami sana. Sisi tupo, watoto wanakusalimu, paka wako kanenepa mpaka aibu.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini sipo tena kazini, nikakwepa. Nimeona afadhali niandike.

Unakumbuka bosi wangu Pargiter, mwenye ile programu ya kuwapigia wagonjwa simu, alivyomwomba Mama, enzi hizo Mama akiwa mapokezi ya kliniki, arekodi sauti ya kuwakumbusha wagonjwa miadi yao: “Habari mpenzi, ni Noreen. Tulikukosa. Njoo, usiogope.” Sauti hiyo ndiyo iliyoisambaza programu yake kisiwa kizima. Watu walikuwa wanaijibu! Mama alipofariki, yenyewe ikabaki kazini, nami nikiwa dawati la malalamiko la kampuni yake nikiisikia kila siku. Nilizoea, au nilijidanganya hivyo.

Pargiter naye kichwa kilivimba. Akanunua shamba la mizabibu, akafadhili timu ya mpira, huku mafundi wa programu wakiondoka mmoja mmoja bila kuzibwa nafasi zao. Tukimlalamikia anacheka: “Acheni kunililia, mashine inajiendesha.” Alipokaribia kufilisika akaiuza kampuni kwa wakubwa wa Sydney. Walikuja na keki, wakatupongeza, na haikupita wiki, nusu ya wenzangu wakawa wamefukuzwa. Kisha wakahamishia kumbukumbu za wagonjwa kwenye mfumo wao harakaharaka, bila mtu wa kuzikagua. Waliokufa wakachanganyika na walio hai.

Siku moja akaja mzee Doyle wa Burnie, yule aliyekuwa akimletea Mama kamba wa baharini. Akaniambia Noreen amempigia simu kumuulizia mkewe Elsie, mbona hajaja kliniki. “Robyn, mwanangu, nimewazika wote wawili. Sasa wanatafutana kwenye simu yangu?” Nilimshika mkono.

Nikaenda kwa meneja mpya, Prue Lansdell, kumsihi asimamishe zile simu mpaka marehemu waondolewe. Akanijibu kwa upole kwamba kazi hiyo ipo kwenye mpango wa mwakani, na kwamba sauti ya Mama ni mali ya kampuni. “Wagonjwa wanamwamini, mpenzi. Wewe hujivunii?” Glenn, nilitoka pale nikihisi Mama yumo ndani ya kuta za ile ofisi, anagonga, na hakuna wa kumfungulia.

Nikaamua kumfuta Mama kabisa kwenye mashine. Njia nilikuwa nayo. Sunil, fundi wa mwisho aliyebaki, aliniambia, “Dada, ukimfuta, na wale walio hai hawataitwa.” Nikamwambia liwalo na liwe, kesho asubuhi namfuta.

Asubuhi hiyo, nikiwa navaa viatu, simu yangu ikaita. “Habari mpenzi, ni Noreen. Tulikukosa.” Ulikuwa ni uchunguzi wa matiti niliokuwa nauahirisha kila mara. Nilikaa chini sakafuni. Nikajikuta nasema, “Sawa, Mama, nakuja.”

Sikumfuta. Mimi na Sunil tuliwatoa marehemu tu, jina kwa jina, Elsie akiwa wa kwanza, bila idhini ya mtu. Prue alipogundua alitufukuza sote wawili. Hilo halinisumbui.

Linalonisumbua sikuweza kulitamka kwenye simu. Nilikwenda kliniki, Glenn. Wameona uvimbe, na ni saratani. Daktari anasema tumewahi, bado ni mdogo. Napasuliwa Alhamisi ijayo, hospitali ya Launceston. Watoto hawajui. Naomba uje ukae nao, na ukae na mimi. Naogopa.

Wasalimie wenzako wa zamu, umshukuru mama mwenye nyumba wako kwa kukutunza. Ukipata tiketi nijulishe, nitakupokea uwanja wa ndege mwenyewe.

Akupendaye daima,
Dada yako,
Robyn