Feni ya Gari Yako Imetulia, Guyo

Guyo, ndugu yangu,

Salaam aleikum. Ni mimi, Ekai. Sijui salamu hii ikitoka kwa Mkristo inafika huko uliko, lakini miaka yote tukiwa gereji moja ndivyo nilivyokusalimia asubuhi, na sijapata nyingine ya kukupa.

Tangu tukuzike, gereji niko peke yangu. Redio naiacha iongee mchana kutwa. Wateja wapo, lakini wakishalipa wanaenda zao, hakuna anayekaa. Saa ya chai nafunga mlango na kunywa nikiwa nimesimama.

Wiki iliyopita Halima wako alinipigia. Mama yako alikuwa ameitwa tena hospitali ya macho Nanyuki, na gari yako ilikuwa imesimama hapo nyumbani kwenu Kiwanjani tangu ulazwe. Akaniambia, "Shemeji, mama anaogopa ile hita. Safari ya mwisho alirudi akikohoa wiki nzima."

Unaikumbuka hiyo shida. Namba moja, mbili na tatu, feni imekufa. Namba nne, inanguruma kama lori. Ukiizima kule juu Timau, kioo kinajaa ukungu huoni barabara. Ukiiwasha, mama anapigwa na upepo wa moto usoni mpaka afungue dirisha, na baridi ya mlimani inamwingia kifuani. Uliibadilisha rizista, kile kipande kinachopunguza moto wa umeme unaoenda kwenye feni, na ikaungua tena. Ukasema gari imezoea hivyo, tuiache.

Nikaifungua hapo uani kwenu. Guyo, hiyo ni kazi ya watu wawili. Mmoja anaingiza kichwa chini ya dashibodi na taa ya kupimia, mwingine anazungusha swichi. Nikalala chini na kuita, "Weka mbili." Nilikuwa nimeshaita kabla sijakumbuka. Nikatoka, nikaiweka mbili mwenyewe, nikarudi chini. Nikatoka tena, nikaweka tatu. Halima alikuwa anaanika nguo. Alinisikia nikiita, akainama juu ya beseni.

Rizista ilikuwa imekatika waya, na plagi yake imeyeyuka. Lakini safari hii sikuishia hapo. Nikaitoa feni yenyewe, nikaizungusha kwa mkono. Nzito. Ndiyo iliyokuwa inavuta moto mwingi na kuunguza kila rizista tuliyoweka. Ilikuwa imeshiba vumbi la barabara ya Sericho, na katikati ya vumbi nikakuta majani ya miraa, makavu, kiganja kizima. Na wewe ulimwapia Halima kwamba umeacha kuitafuna. Nikayafunga kwenye kitambaa, nikayatupa mbali na nyumba. Nilicheka peke yangu pale chini, halafu kicheko kikanigeuka.

Nikaisafisha feni, nikaipaka mafuta mpaka ikazunguka kwa kidole. Nikaweka rizista na plagi nyingine. Namba moja ikapumua polepole, mbili, tatu, nne. Zote.

Jumatatu tukaondoka, mimi kwenye usukani wako, Halima na mama nyuma. Kupanda Timau nikaiweka namba moja. Kioo kikawa safi na ndani pakawa na joto la kutosha. Feni sasa haikuwa na kelele. Halafu mama akasema, "Ekai."

"Naam, mama."

"Miaka yote nimekaa hapa nyuma, hiyo feni ikipiga kelele. Nilikuwa naona tu mabega ya mtoto wangu yakitingishika. Mlikuwa mnacheka nini?"

Ilibidi nipunguze mwendo. Nikamweleza siku ile tulipokwama kwenye mchanga, ukaomba ngamia avute gari, akavuta kidogo kisha akalala chini. Ukamsihi kwa Kiborana, akakataa. Ukamsihi kwa Kiswahili, ukamwita mzee, akakutemea mate kifuani. Mama alicheka mpaka shuka ikamdondoka. Akasema, "Ndiyo, huyo ni Guyo." Kisha akajifunika uso. Halima akamshika mkono mpaka Nanyuki.

Daktari amesema jicho moja litasaidika. Nilitaka nikuambie wewe wa kwanza, nikatoa simu mfukoni. Jina lako bado liko juu ya orodha. Nikairudisha.

Halima ameamua hauzi gari. Anataka kujifunza kuendesha, na nimemkubalia. Tutaanza kwenye ile barabara tupu ya kwenda Leparua, mahali hakuna wa kumcheka. Nakuahidi nitakaa kando yake bila kumpigia kelele, mpaka siku atakayompeleka mama mwenyewe, mimi nibaki nimesimama barabarani nikiwapungia mkono.

Pumzika, ndugu yangu. Nimekukosa sana.

Ekai