Kisu cha Zamu

Jumatatu, 12 Novemba

Nimeanza vibaya! Nimeingia mahakamani na kisu mkobani. Si kwa ubaya, ni mazoea tu. Kila asubuhi natoka na funguo, leso na kisu. Mashine ikalia, foleni nzima ikageuka kunitazama. Mlinzi, anaitwa Florencio, akakitoa kwa vidole viwili kama aliyeshika panya. Mama, hiki cha nini? Cha kumenyea chungwa, nikamjibu. Akakikunjua, akasikiliza meno ya bawaba yake yanavyolia, kisha akakikunja yeye mwenyewe na kukitia kwenye droo. Vizuri. Aliyekifungua ndiye akifunge. Nikajua huyu ni mtu wa hapa hapa Albacete, mji wa visu.

— Utakichukua jioni, mama, ukishamaliza kutuhukumia watu.

Ndiyo, kura imeniangukia mimi. Mwanamke wa miaka sitini na nne, mshona mapazia, niamue kesi ya mauaji! Tuko raia tisa kwenye baraza la kuhukumu. Jaji alituuliza mmoja mmoja kama tunamjua mshtakiwa, kama tunamjua marehemu, kama tuna habari yoyote ya kesi zaidi ya yaliyoandikwa magazetini. Nikasema hapana. Tukaapa.

Mshtakiwa ni kijana Jairo, fundi bomba. Shati lake limepigwa pasi na mtu mwingine — mamake bila shaka, yule wa mstari wa pili anayeuma leso. Mama wa marehemu Saúl yuko mstari huo huo, upande wa pili wa njia. Hawatazamani. Vijana wawili hawa waligombana mwaka jana kwenye sherehe za Septemba, kwenye kibanda cha vyakula. Jairo hakatai kwamba kaua. Ubishi ni mmoja tu: kisu alikuja nacho, au alikiokota mezani kwenye purukushani? Kama alikuja nacho, alikusudia, na atatoka jela mtu mzima ameisha. Kama alikiokota, bado ana maisha.

Ilikuwa usiku wa tarehe kumi na moja Septemba. Usiku aliokufa mdogo wangu Visi. Waliposoma tarehe nikashtuka, nikajifanya natafuta miwani.

Shemeji Honorio, mume wa marehemu Visi, kanipigia jioni. Enhe shemeji, umeshamfunga nani? Nikacheka, nikamwambia siruhusiwi kusema. Basi Alhamisi chamani usikose, akasema, Cirilo analeta jibini.

Jumanne, 13 Novemba

Wamekionyesha kisu.

Hata sijui niandikeje. Niandike polepole.

Chamani kwetu, chama chetu cha wapenda visu, tuna kisu kimoja ambacho si cha mtu. Mzee Cirilo, fundi visu wetu, alikitengeneza mwenyewe kiwandani kwake, enzi mume wangu yu hai, mpini wa pembe ya fahali. Kila mwanachama anakaa nacho msimu mmoja. Anakatia mkate wake, anamenyea mapea yake, anakizoea, halafu anamkabidhi mwenzake wa zamu inayofuata. Kabla ya kukitoa anachonga alama ndogo kwa tupa ndani ya mpini, pale pasipoonekana mpaka kisu kifunguliwe. Alama yangu imekwenda kombo. Tupa iliteleza, nikajikata kidole, na Cirilo akanisema msimu mzima: wanawake na tupa wapi na wapi!

Leo nimeiona alama yangu ukutani, imekuzwa mpaka inatosha mlango. Imekwenda kombo vile vile. Mtaalamu wa polisi akasema ni kisu cha kienyeji, cha zamani, kina mikwaruzo, na mwenyewe hajulikani.

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Honorio. Alituambia kilimponyoka bwawani akivua samaki. Tukamwonea huruma! Ndiyo kwanza amemzika mkewe. Nani angemhoji mfiwa habari za kisu?

Nilitakiwa kunyoosha mkono pale pale. Sikunyoosha. Nilikaa nimeshika goti langu. Kijana wa watu alikuwa anatazama sakafu.

Jumatano, 14 Novemba

Muuza soseji wa kile kibanda ametoa ushahidi. Mwanamke mnene, msema kweli ukimtazama tu. Anasema kwenye ncha ya ile meza ndefu alikaa mzee mmoja wa bereti, peke yake, ana jibini na mvinyo. Kisu chake kilikuwa wazi juu ya mkate. Akainuka akaenda zake, kisu akakiacha hivyo hivyo. Halafu vijana wakaanza kusukumana, na yule mzee hakumwona tena.

Mwendesha mashtaka akacheka kabisa, na meno nje. Waheshimiwa, ni nani mwenye akili zake anayeacha kisu wazi kwenye meza ya watu wote, katikati ya walevi? Mzee huyo hajazaliwa. Amezaliwa ofisini kwa wakili! Ukumbi ukacheka. Mwenzetu mmoja wa baraza, binti wa benki aliyekaa pembeni yangu, akacheka pia, akaandika kitu.

Ni nani? Ni sisi! Sisi ndio tusio na akili. Kwetu kisu wazi juu ya mkate maana yake mwenyewe yuko chooni, anarudi, kiti kina mtu. Na hakuna wa kukifunga ila aliyekifungua. Hata kikizagaa mpaka asubuhi, hakiguswi. Visi alikuwa anatusema sana. Mtakuja kuua mtu na hiyo adabu yenu, alikuwa akisema. Sisi tunacheka tu.

Sasa ngoja niliandike na hili la pili, maana limenikaa kooni tangu mchana. Ugomvi ulikuwa saa tatu usiku. Visi alikata roho saa hizo hizo. Mimi nilikuwa nimekesha naye hospitali usiku wa kuamkia siku ile, na jioni Honorio akaniambia: nenda kapumzike shemeji, mimi nipo. Asubuhi yake akatuambia, mimi na binti yake Nieves, kwamba alimshika mkono mpaka mwisho. Mpaka mwisho! Mazishini niliibusu ile mikono yake. Niliibusu yote miwili.

Alikuwa anakula jibini.

Alhamisi, 15 Novemba

Nilijiambia siendi chamani. Nimekwenda. Kama nisingekwenda wangeuliza.

Chumba kile kile cha nyuma ya baa, kitambaa kile kile cha kijani mezani, visu vimepangwa. Cirilo kaleta jibini na kisu kipya cha zamu — mpini wa mzeituni, kizuri, macho yake hayaoni tena lakini mikono bado. Akasema zamu ya kwanza apewe Honorio, kumfuta machozi ya kile cha zamani.

— Ila hiki nacho ukikitosa bwawani, bwana wewe, nitakutosa wewe mwenyewe!

Watu wakaangua kicheko. Honorio naye akacheka, lakini alichelewa. Akakipokea kwa mikono miwili. Halafu akanikatia kipande cha jibini, akanisogezea. Sikukigusa.

— Shemeji, leo huli jibini? Mahakama imekunyima na tumbo?

Nikasema jino linaniuma.

Akanisindikiza mpaka nyumbani, kama kila Alhamisi. Mlangoni akasema, huku anatazama viatu vyake:

— Shemeji. Hicho kisu... wamekionyesha?

— Siruhusiwi, Honorio!

— Nilitoka kidogo tu. Alikuwa amelala. Daktari alisema bado ana siku mbili tatu. Nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu juzi yake, na nje muziki, watu... Nikala. Nikaenda kukojoa. Narudi, naona watu wanakimbia, damu, na mimi nikakimbia. Nafika hospitali, wameshamfunika.

— Nyamaza.

— Nieves asijue. Nakuomba. Nifunge kwa lolote lile, lakini binti yangu asijue.

Nikaingia, nikafunga mlango. Nilimsikia bado amesimama nje. Namchukia! Na huku nataka kumfungulia nimpashie moto supu, kwa sababu amekonda. Huu ni wazimu gani?

Ijumaa, 16 Novemba

Jairo amesimama kusema. Sauti ndogo. Saúl alikuwa amenikaba, akasema, nikapapasa mezani, mkono ukakuta kitu. Mwendesha mashtaka: kitu ambacho bahati njema kilikuwa kimeshafunguliwa? Ndiyo, bwana. Bahati njema kweli! Ndiyo, bwana — kijana hata hakuelewa kwamba anadhihakiwa.

Mama wa Saúl akatoka nje. Nilimsikia koridoni. Naye mwanawe hatarudi hata niseme nini, na hilo nalo nilikumbuke.

Nieves kanipigia simu. Mama mkubwa, umegombana na baba? Hali chakula. Anakaa na hicho kisu kipya mbele yake, wala hakifungui. Nikamwambia ni uzee. Akasema, mwonee huruma, mama mkubwa, tangu mama afe ana kitu kimoja tu kinachompa nguvu, kwamba alikuwa naye pale.

Nikasema ndiyo mwanangu. Nikakata simu.

Jumamosi, 17 Novemba

Siandiki.

Jumapili, 18 Novemba

Nimeshona pazia la jirani, nikalishona kinyume, nikalifumua.

Najua la kufanya, hata mtoto angelijua. Kesho nimwendee jaji, nimwambie: mheshimiwa, nakijua kisu, namjua mzee. Watanitoa kwenye baraza, watanigeuza shahidi, watamwita Honorio. Na watamuuliza kwa nini alikimbia, na kwa nini amekaa kimya mwaka mzima na zaidi wakati kijana wa watu anaoza rumande. Atajibu, na gazeti litaandika, na Nieves atasoma. Tena jaji ataniuliza mimi: ulikitambua lini, Leocadia? Nitasema Jumanne. Atatazama kalenda.

Hayo yote nayaweza. Kinachonisumbua ni kingine. Kila nikijiona kichwani nimesimama nasema, simwoni Jairo. Namwona Honorio. Naona uso wake unavyoporomoka mbele ya watu. Na moyo wangu — niseme ukweli, hakuna anayesoma hapa — moyo wangu unatulia. Hivi namwokoa kijana, au namkomoa shemeji yangu kwa ajili ya Visi?

Jumatatu, 19 Novemba

Nilifika mapema nimtafute jaji. Karani akauliza shida gani, mama? Nikasema hakuna. Mjinga mimi! Mjinga!

Hotuba za mwisho asubuhi. Mchana wametufungia chumbani tujadiliane. Simu wamechukua zote. Daftari hakuna aliyeliuliza. Wamenichagua niwe msemaji, kwa sababu ya mvi nadhani. Usiku tunalala hotelini, mlinzi koridoni. Binti wa benki anakoroma, nimemsikia ukutani.

Jumanne, 20 Novemba

Naandika chooni, nimekaa juu ya kifuniko. Nimeomba dakika chache.

Tumelifikia swali lenyewe: je, imethibitika kwamba mshtakiwa alikuja na kisu? Kila mtu anasema kwa sauti, kwa mpangilio wa majina, na msemaji ni wa mwisho. Wakisema ndiyo saba, imethibitika.

Sita wamesema ndiyo. Wawili wamesema hapana. Nimebaki mimi.

Nilidhani nimeuona mlango wa kutokea. Niseme hapana tu! Kijana apone, Honorio apone, Nieves alale usingizi, mimi nirudi kwenye mapazia yangu. Nikafungua mdomo. Binti wa benki akaniwahi: lakini mama, sababu iandikwe, jaji hataki jibu tupu. Na yule mkulima wa zabibu, mmoja wa wale wawili waliosema hapana, akakuna shingo. Mimi nilisema hapana kwa kumhurumia tu yule kijana, akasema. Huyo mzee wa bereti hata mimi siamini kama yupo. Kama mama naye hana sababu ya maana, mimi nabadilisha.

Wote wakanigeukia. Nikasema naomba nikanawe uso.

Nimefungua bomba wasinisikie. Nimesimama mbele ya kioo nikajaribu kulisema kwa sauti, nione kama litatoka. Mzee yupo. Namjua. Ni mume wa mdogo wangu. Limetoka jepesi, bila kukwama hata mahali pamoja, na usoni mwangu nimeona kitu ambacho sikukipenda. Nikajaribu tena, safari hii nikimfikiria Jairo peke yake, mkono wake unavyopapasa mezani. Sikuweza kulimaliza. Nikalia. Sasa sijui lipi kati ya hayo mawili ndilo la kwenda nalo mle ndani, maana maneno ni yale yale.

Florencio anagonga. Mama, u mzima? Mzima. Wenzako wanauliza kama una neno la kusema au waendelee.

Ninalo, nimemjibu — limenitoka kabla sijajua kama nimeamua. Kivuli cha viatu vyake nakiona chini ya mlango, ananingoja nitoke, na mimi bado naandika