Umeniacha Mlangoni, Mama Wambui

Mama Wambui,

Ni mimi. Mwandiko utaujua, ni ule mkubwa kama wa mtoto na mistari inapanda mlima. Wambui alitaka niseme maneno yeye aandike, nikamwambia aende akapike chai. Kwani mikono yangu imekufa? Hii mikono imepogoa kahawa Ruiru hii mpaka watu wa mashamba mengine wakawa wanaletwa kuona vile nakata. Sasa hayo mashamba ni nyumba za kupanga, lakini wazee bado wanajua nilikuwa nani.

Huku Gatongora tuko. Avokado yako imezaa. Jirani ameongeza gorofa nyingine, jua la asubuhi siku hizi tunalisikia tu kwa wengine. Kiti chako cha jikoni bado kiko. Wambui akasema kinaziba njia. Nikamwambia apite kando.

Lakini si hayo yamenifanya nitafute kalamu. Ni ile hadithi.

Unajua vile ulikuwa ukifanya. Unatoka kazi yako ya maktaba Thika, unaingia jikoni, unakata sukuma wiki ukinihadithia kitabu ulichokuwa umekiweka kwa ile meza yako ya karibu na mlango. Meza ya watu wazima. Ulisema mtu akimaliza shule anadhani vitabu navyo vimekwisha, kwa hivyo lazima kitabu kimsimamishe akipita. Na kuhadithia ulijua, hiyo sikatai. Nilikuwa naacha redio nakuja kusimama kwa mlango wa jiko. Halafu pale pametamu kabisa unafunika sufuria.

"Mwisho uende ukasome, Baba Wambui."

Mimi nisome? Nilitoka ngumbaru, ile shule ya watu wazima, nikiwa wa kwanza, nionyeshe nani tena? Nawe unaniuliza, "Wa kwanza kati yako na nani?" Unacheka mpaka miwani inateleza.

Nilikuwa narudi kwa redio yangu tu. Nilijua utashindwa. Siku mbili tatu zikipita, ukiosha vyombo, unatoa ule mwisho polepole kama mtu anaongea na sufuria. Kila kitabu nilikushinda hivyo.

Hiki cha mwisho hukupata wakati wa kushindwa.

Yule mama wa kwenye kitabu aliapa kwamba mwanawe, vile hakuja kumzika baba yake, hatakanyaga kwake tena. Miaka ikaenda. Siku moja mvua inanyesha, mlango ukagongwa. Mama akashika komeo akauliza, "Ni nani?" Sauti ikasema, "Ni mimi." Ukafunika sufuria. Wiki hiyo tukakupeleka hospitali, na hukurudi.

Alifungua, ama hakufungua? Nimeamka na hilo swali, nimelala nalo. Mwishowe nikavaa koti la kanisa nikaenda Thika.

Nimefika ndani ndio nakumbuka sijui kitabu kinaitwaje. Jina hukunitajia, na mimi sikuuliza. Msichana wa pale, Achieng, akaniita babu kwa Kikuyu, "Guka, nieleze tu hadithi." Nikamweleza. Unajua nikianza siwezi kusema kidogo. Watu wakaacha magazeti. Nikafika kwa komeo, nikaishia hapo.

"Na halafu?" akauliza mzee mmoja.

"Hiyo halafu ndio nimekuja kutafuta!"

Wote wakacheka. Achieng hakucheka. Akaniangalia, akasema, "Wewe ni mzee wa Mama Wambui." Nikamuuliza amejuaje. Akasema wewe ndiye ulimfundisha kazi, na hata yeye ulimwacha hapo hapo mlangoni. Wafanyakazi wote wa hapo uliwaacha hapo. Haiya! Na mimi nilidhani hiyo sufuria ni yangu peke yangu.

Nikamwambia basi aniambie mwisho. Akakataa, akanipa kitabu. Ni mkaidi kama wewe, umemharibu kabisa.

Nimekisoma mwenyewe, kwa kidole. Wambui alitaka kunisomea, nikamwambia kama ni sauti ya mtu mwingine sitaki. Na umenificha mambo, wewe mama! Hukuniambia yule mama kila jioni alikuwa akipakua sahani ya kijana, halafu asubuhi anawapa kuku. Mbona uliruka hapo? Nilifunga kitabu nikatoka nje nikasimama chini ya avokado.

Sasa nimefika kwa komeo. Nimeweka jani hapo na sijafungua ukurasa. Si macho. Ni kwamba hii ndiyo hadithi ya mwisho uliyokuwa ukiniambia, na nisipoisoma yote ni kama bado unaosha vyombo.

Lakini Achieng anataka kitabu kirudi kwa meza yako, kuna watu wanakingoja. Na mimi si mwoga. Kesho nitakuja hapo ulipolala, nikae kwa ule ukuta mfupi wa kaburi, nikusomee huo mwisho kwa sauti, hata nikikwama kwa maneno marefu. Halafu nitakirudisha, niulize ni kipi kingine. Na yule kinyozi wa hapa nimemwambia yote mpaka kwa mlango. Kila akiniona ananisumbua, mzee, alifungua? Namwambia aende akasome. Hata nikijua, sitamwambia, nakuahidi.

Wewe lala tu. Ila siku nitakapogonga huko kwako, usishike komeo ukiniuliza ni nani.

Ni mimi,
Baba Wambui