Jino la Mbele la Nyanya Yako

Kerubo mjukuu wangu,

Hapa Nyamira tu wazima, na mama yako ameanza kuchuma chai. Umeniuliza kwa nini niliacha kutibu meno.

Miaka ya sabini nilikuwa daktari wa meno Kisii. Nyanya yako akavunjika jino la mbele.

"Livalishe jino kofia nyeupe, si ya dhahabu," aliniambia.

Kofia ya jino, yaani gamba linalofunika jino lililovunjika, ikiwa ya kauri huwa nene kuliko ya dhahabu, hivyo jino lazima lisagwe zaidi ili iingie. Nilimhurumia, nikasaga kidogo. Kofia ikajitokeza, ikawa inagongana na meno ya chini, mwishowe ikapasuka. Niliporudia kusaga niligusa neva iliyo ndani ya jino, likafa, nikaling'oa.

Hakunilaumu. Lakini tangu siku hiyo hadi tulipomzika, kila alipocheka alifunika mdomo.

Wewe sasa unasomea kazi hiyo hiyo. Sina la kukufundisha, ila naogopa siku utakayomtibu mtu unayempenda.

Babu yako