Saa nane ya Papa Riziki

Jumamosi, jioni. Theluji ya mwisho inayeyuka, mji wetu wa New Hope mzima ni tope na gari langu limechafuka tena. Sitaliosha. Siwezi.

Mnaosoma ukurasa wangu huu mnanijua: mdomo ninao, sura ninayo, shule ndiyo iliyonishinda. Leo mnicheke kidogo tu.

Kanisani kwetu sisi Wakongo, mtu akiwa mahututi tunafanya mnyororo. Tangu alfajiri hadi jioni, kila mmoja anachukua saa moja ya kumwombea. Saa yako ikifika unaandika kwenye kundi letu la simu: Nimeshika. Ikiisha, unaandika jina la anayefuata. Hakuna anayekukagua.

Nilijitolea mwenyewe, tena kwa maringo. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimewafundisha watoto habari za makuhani wa Israeli: moto wa madhabahuni haukuruhusiwa kuzimika. Kila asubuhi kuhani anazoa majivu, anapanga kuni, awe anaonwa au haonwi. Nikajisifu kwamba ningekuwa kuhani mimi, moshi wangu ungeonekana mpaka Inver Grove Heights, mji wa mbali na hapa. Kasichana kamoja kakauliza, kwa Kiingereza kama kawaida yao, kuhani akisinzia anayeumia ni nani.

"Keti chini, mama," nikamwambia. "Unauliza kama polisi."



Jumanne, Papa Riziki, mzee wetu wa kanisani, akiwa mahututi hospitalini, saa nane mchana ilikuwa yangu. Nikaandika Nimeshika. Nilichoshika ni sponji. Nilikuwa mji jirani, Golden Valley, naosha gari, muziki juu, maana jioni kulikuwa na msichana niliyetaka anione nimependeza. Sikuomba hata neno moja. Saa tisa nikaandika jina la anayefuata, nikaendelea kufuta vioo.

Jioni tukapata habari. Papa Riziki alikata roho saa nane na dakika ishirini.

Sisemi alikufa kwa sababu yangu. Moyo wake ulikuwa umechoka siku nyingi, hata Pasta alisema. Na nadhani makuhani wale walijua jua litachomoza tu, hata moto ukizimika. Lakini Waisraeli kwenye mahema yao walikuwa wamelala wakiamini unawaka.

Hapo ndipo panaponitafuna.

Nilipokwenda matangani, Mama Riziki alinishika mkono mbele ya wageni, akafungua simu yake. Alikuwa amelipiga picha lile neno langu, Nimeshika, pamoja na saa niliyoliandika.

"Angalieni," akawaambia. "Mume wangu hakwenda peke yake. Huyu mtoto alikuwa naye." Kisha akanigeukia. "Ulisikia nini, mwanangu, ulipokuwa unaomba?"

"Amani, Mama."

Uongo ulitoka laini, kama nilioufanyia mazoezi.

Tangu siku ile, saa nane inanifuata kazini. Niko ghalani napanga maboksi, sijatazama saa, mikono inaacha kazi yenyewe. Nasikia maji yanadondoka na hakuna bomba karibu. Msimamizi ameshaniuliza mara mbili kama naumwa.

Jana Pasta alinipigia. Kesho ni ibada ya kumkumbuka Papa Riziki, na mjane ameomba kitu kimoja: nisimame nisimulie ile saa. Mimi, ambaye kwa maikrofoni sijawahi kubembelezwa.

Nimejaribu kuandika ushuhuda. Unaandikika vizuri mno. Ningewaliza wote, mpaka wapiga ngoma.

Nimeufuta.

Kesho nitafika kwa Mama Riziki kabla hajavaa viatu vya kanisani. Nitamwambia jikoni, bila wageni, kwamba saa ile hapakuwa na mtu, nilikuwa naosha gari. Sitamharakisha anisamehe ili tuwahi ibada. Akinyamaza, nitasimama hapo hapo na ukimya wake. Akinifukuza, nitaondoka.

Mimi nitatoka nimeutua mzigo. Yeye, nikishatoka, atabaki na nini?