Nyumba ya Ochieng Karibu na Lango

Jumatatu, 6 Machi 1995

Wote wameamka salama. Baba Ochieng ametoka na ng'ombe kulima. Mama mkwe ameamka, mguu bado unamsumbua lakini mdomo uko sawa kabisa. Binti yetu Achieng ameenda shule bila kugombana. Yule ng'ombe wa kahawia amepona. Na kijana wangu Ochieng amelala vizuri. Nimemgeuza, nimemwosha, nimempa uji kwa kijiko. Tangu shimo la dhahabu limwangukie akavunjika uti wa mgongo, asubuhi yangu ni hiyo. Naijua hii kazi. Hakuna nesi anaijua kama mimi.

Wale watu wa chama cha Homa Bay wamekuja tena, wale wanaosaidia waliovunjika mgongo. Safari hii wameleta kiti cha magurudumu, cha Ochieng mwenyewe. Anayewaongoza ni Rosalia. Yeye pia ni mtu wa kiti, gari ilimwangusha akiwa msichana. Ana kicheko cha kujaza nyumba. Akaniona na kijiko, akaniita mama Ochieng kwa lugha yetu.

"Min Ochieng, huyu alivunjika mgongo ama alivunjika mikono?"

Ochieng akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 9 Machi

Ochieng anataka simba. Ile nyumba yake mwenyewe, kijana anayojengewa karibu na lango. Amesema mbele ya baba yake, sauti imenyooka.

Najua. Kijana mkubwa halali nyumba ya mama yake. Watu wamenyamaza tu kwa sababu ni mgonjwa. Lakini akishalala huko, mama haendi tena kwa kitanda chake. Ndio desturi yetu. Sasa nani atamgeuza? Miguu haisikii kitu. Asipogeuzwa ngozi inaoza na yeye hajui. Kule hospitali kulikuwa na mzee, kidonda kilifika mfupa. Walimtoa amefunikwa.

Nimesema hapana. Baba Ochieng amesema ndiyo. Nimewaambia wapike wenyewe.

Wakapika. Ugali ilikuwa mbichi. Wakala wote wakisema ni tamu.

Jumanne, 21 Machi

Nguzo zimesimama. Sijaenda kuangalia.

Nimeangalia kidogo. Chama kimetuma fundi aelekeze. Mlango upana wa kiti. Hakuna kizingiti. Mbele wamepanga mawe na udongo, wameshindilia, ili kiti kipande. Kitanda kitakuwa sawa na kimo cha kiti, asipande wala asishuke. Jirani yetu Odongo akapita. "Mlango huu ni wa mtu ama wa ng'ombe?" Ochieng akamjibu, "Ni wako, na hilo tumbo." Odongo akacheka mpaka akashika nguzo.

Kijana wangu alikuwa hajamtania mtu siku nyingi. Nimefurahi. Nimekasirika kwamba nimefurahi.

Jumamosi, 1 Aprili

Siku mbaya. Rosalia amekuja kumfundisha Ochieng kujigeuza. Wamefunga kamba kwa boriti juu ya kitanda, anavuta anageuka. Hiyo aliweza. Halafu kutoka kitandani kuingia kwa kiti. Akaanguka. Chini, puu, kama gunia.

Nikakimbia. Rosalia akaweka kiti chake katikati ya njia yangu.

"Mama, simama hapo."

"Huyu ni mtoto wangu!"

"Najua. Na siku akianguka uko sokoni?"

Nilimchukia huyo mwanamke. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Ochieng alijikokota, jasho linatiririka, akaweka mkono kwa sanduku, mwingine kwa kiti, akajiinua. Akarudi chini. Akajiinua tena. Mama mkwe alikuwa analia na kumshangilia kwa wakati mmoja. Ochieng akaingia kwa kiti.

Nikaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni. Kuni zilikuwako za kutosha.

Jumatano, 5 Aprili

Leo nataka kuandika pole pole.

Rosalia alimwachia Ochieng kioo cha kushika mkononi, kila asubuhi ajiangalie mgongo na makalio. Mimi niliona ni mchezo. Mimi nimemwosha asubuhi kwa macho yangu. Nikasema ngozi iko safi. Yeye akageuka kwa kamba, akaweka kioo nyuma, akaangalia.

"Mama, hapa pamekuwa pekundu."

Nikaangalia. Sikuona. Akaweka kidole. Nikaona. Alama ndefu kando ya nyonga, kama mtu amekandamiza ukingo wa sahani.

"Ni ile shuka unanikunjia chini," akasema. "Mkunjo ndio unanikandamiza. Itoe tu."

Hiyo shuka naikunja mara nne ili alale laini. Naikunja kwa upendo. Ndiyo ilikuwa inamla.

Nimeitoa. Hakunilaumu. Aliomba chai. Ameshika kikombe mwenyewe na mimi nimekaa tu, mikono haina kazi.

Jumapili, 9 Aprili

Wekundu umekwisha. Amelala upande mwingine mpaka ukaisha, bila kuambiwa. Baada ya kanisa nimemwambia baba yake anunue mabati yaliyobaki. Akaniuliza kama nina homa.

Ijumaa, 21 Aprili

Ochieng ameingia kwa simba yake. Mvua ilikuwa imenyesha, gurudumu likakwama hapo mbele ya mlango. Odongo na wengine wakaja kusukuma. "Wacheni!" Ochieng akarudi nyuma, akasukuma magurudumu kwa nguvu, akapanda, akapita mlangoni. Watu wakapiga kelele. Mimi nilibaki mlangoni kwangu. Nilimpelekea chakula, nikaweka mezani, nikatoka. Miguu yangu haikutaka kutoka. Ilitoka.

Jumamosi, 22 Aprili

Nimeamka mapema, nikawasha moto. Mlango wa simba yake ulikuwa umefungwa. Nikafagia uwanja. Nikaufagia tena.

Ukafunguka. Ametoka kwa kiti, shati amevaa, uso umeoshwa. Akainua mkono kutoka kule.

"Iko sawa, Mama. Nimeangalia kote."

Nikamwambia chai iko tayari, aje.

Rosalia ametuma habari. Kuna kijana huko Kisegi, alianguka kutoka paa, mama yake hamwachi hata kidogo. Wanataka Ochieng aende akae naye siku chache. Gari ya chama itamchukua Jumatatu. Ninaogopa njia, ninaogopa kitanda cha wageni. Sijasema hapana. Nimemwambia neno moja tu: ukifika Kisegi, nyathina, mtoto wangu, tuma mtu na habari upesi. Usinikawize.